Jinsi ya Kupanga Ratiba ya Mazoezi ya Wiki kwa Bondia Anayeanza

Anayeanza ndondi hushawishika kujaza mazoezi siku zote saba, na mara nyingi huchoka na kuacha kabla hajajua kurusha ngumi ya mkono wa mbele ipasavyo. Ni heri achague kwanza siku za kupumzika, kisha azigawie kazi siku zilizosalia. Maumivu ya misuli yatokanayo na zoezi geni hayaji papo hapo, bali huzidi kati ya saa 24 na 72 baadaye, hivyo aliyejiona mzima Jumatatu jioni anaweza kushindwa kuinua mabega Jumatano.

Kwa miezi miwili au mitatu ya mwanzo, siku tatu za ndondi zisizofuatana zinatosha. Tuchukue Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu kila siku. Jumanne na Jumamosi ziwe za kukimbia dakika 20 hadi 30, kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza bila kuhema, pamoja na pushapu na kuchuchumaa. Alhamisi na Jumapili ni za kupumzika, na kupumzika maana yake si kwenda kupiga gunia kidogo tu.

Mpangilio wa kazi ndani ya siku ya ndondi una uzito kuliko idadi ya siku zenyewe. Baada ya kupasha mwili moto kwa dakika 10 za kuruka kamba na kuzungusha viungo, ingia katika ufundi, yaani msimamo, hatua za miguu, ulinzi na ngumi zenyewe, wakati mwili na akili bado vina nguvu. Ngumi inayofundishwa kwa mwili uliochoka huzoeleka vibaya: mkono unaolinda kidevu hushuka, miguu hukutana, na kosa hilo likishakuwa mazoea, kocha atatumia muda mrefu kuliondoa kuliko ambao angetumia kufundisha upya. Raundi tatu za kupigana na kivuli mbele ya kioo ndizo zinazofaa hapa, Jumatatu zikilenga ngumi ya mbele na miguu, Jumatano ulinzi, na Ijumaa kuunganisha vyote viwili.

Gunia lifuate baadaye, raundi tatu au nne. Raundi ya watu wazima katika ndondi za ridhaa ni dakika 3 na pumziko la dakika 1, lakini mgeni anaweza kuanza na dakika 2 bila aibu yoyote. Kwa kuwa gunia halirudishi ngumi, wengi hulipiga kwa nguvu zao zote na kuumia kifundo cha mkono. Funga bendeji chini ya glovu hata kwa raundi moja, na pigo litue kwenye vifundo vya kidole cha shahada na cha kati. Mazoezi ya tumbo na ya nguvu yawe ya mwisho, kwa sababu hayo hayaharibiki sana ukiyafanya umechoka.

Kupigana na mwenzako kusiwemo katika ratiba hadi kocha aruhusu, na hata hapo kuwe kwepesi, mara moja kwa wiki, kwa kinga ya meno, kofia na glovu nene. Kofia hupunguza michubuko, lakini haizuii ubongo kutikisika. Ukipigwa kisha ukaumwa kichwa, ukapata kizunguzungu au kichefuchefu, acha mazoezi mara moja, na usirudi mpaka daktari akuruhusu.

Siku ikikupita usiifidie kwa kubana mbili pamoja. Endelea na inayofuata. Unapoona wiki imekuwa rahisi, ongeza raundi moja au siku moja, si vyote kwa pamoja, na ukae na ongezeko hilo wiki mbili kabla ya kugusa jingine.