Chora dele bila kutazama karatasi

Raba iache nyumbani. Chukua biro, maana mtu akijua atafuta, haangalii sawasawa. Kwanza mkono upate moto: weka nukta mbili mbalimbali, kaza macho kwenye ile ya mwisho, uvute mstari mara moja kutoka begani, si kifundoni. Jaza ukurasa.

Sasa kaa barazani hapa Mji wa Kale wa Mombasa, karibu na muuza kahawa. Tazama ukingo wa kifuniko cha dele, lile birika lake la kahawa. Jicho litambae kama konokono, biro iende mwendo uleule, karatasi usiiangalie kabisa. Ukifika mdomoni, pale shaba inapojipinda, punguza mwendo tena. Hapo ndipo wengi hukimbia, wakachora dele la kichwani badala ya hili lililo mbele yao. Litatoka limepondeka, na liwe. Ule mpindo utakuwa wa kweli.

Kisha chora uwazi ulio kati ya mkono wa dele na tumbo lake, mkono wenyewe usiuguse. Zoezi hili nalipenda kupita yote.

Milango ya nakshi ngoja kwanza, na Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593 haihami. Nakshi humlevya mwanafunzi, akabaki kuhesabu maua.