Mawazo Mingi: Namna ya Kutuliza Mwili Katikati ya Kelele za Goma

Hapa Goma ni wachache wanaosema "nina msongo." Tunasema fulani "ana mawazo mingi," na kila mtu anaelewa: usiku anageuka-geuka kitandani, sahani anaisukuma kando kabla haijafika nusu, mtoto akidondosha sufuria anafoka kana kwamba nyumba imevunjwa. Mimi ni APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia. Kazi yangu ni kukaa na watu wenye mawazo mingi, na siku nyingine mwenye mawazo hayo ni mimi. Zoezi ninaloeleza hapa nalifanya asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Nimewafundisha akina mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walimu, motari wanaobeba abiria kwa pikipiki, na kikundi kimoja cha vijana waliocheka wiki nzima ya kwanza.

Wengine huliita meditasiyo, wengine kutafakari. Neno "kutafakari" linawachanganya Wakatoliki wenzangu, kwa sababu kanisani kutafakari ni kuchukua fumbo la rozari au neno la Injili na kulitafuna moyoni. Hapa hatutafuni kitu. Tunakaa, tunaangalia kinachotokea sasa hivi mwilini na kichwani, tukitoroka tunarudi.

Kila kikundi kipya huniuliza kama hii ni dini ya watu wengine. Jibu langu ni la wazi: mizizi yake mingi iko kwa Wabudha. Mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliichukua akaipeleka kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, katika programu ya wiki kadhaa. Aliacha ibada, akabakiza zoezi. Mama mmoja wa Legio ya Maria, baada ya kunisikiliza hadi mwisho, alisema: "Basi ni kama kukaa mbele ya Mungu bila kumwomba kitu." Mimi sikumwambia hivyo, lakini sikumkatalia.

Zamu wa lango

Waliokuwa hapa tarehe 22 Mei 2021 wanakumbuka. Ilikuwa Jumamosi jioni, volkano yetu Nyiragongo ikapasuka, anga juu ya mji likawa jekundu, na siku zilizofuata ardhi ikaendelea kutetemeka. Muda mrefu baadaye, lori zito likipita na kuta zikatikisika kidogo, kwetu nyumba nzima ilikuwa tayari mlangoni. Hakuna aliyeamua kusimama. Miguu ilisimama yenyewe.

Kila mwili una zamu wake, yaani mlinzi wa lango. Akiona hatari anapiga filimbi: adrenalini inaingia kwenye damu, moyo unakimbia, pumzi inapanda kifuani, misuli inakaza, tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Zamu huyo ametuokoa mara nyingi, nisimtukane. Shida ni kwamba zamu aliyewahi kuvamiwa usiku hupiga filimbi hata akiona paka. Bei ya unga imepanda: filimbi. Ujumbe wa mwenye nyumba umeingia kwenye simu: filimbi. Ukimfokea anyamaze, anazidi kupiga, kwa sababu haelewi maneno. Anaelewa miguu, shingo, na pumzi. Ndiyo maana tunaanzia huko.

Kabla ya kukaa

Usingoje kimya. Ukingoja kimya Goma utazeeka umesimama. Kuna motari, kuna spika za kanisa, kuna jenereta la jirani, kuna jirani mwenyewe. Kiti cha plastiki kinatosha, au kigoda, au ukingo wa kitanda. Kaa mgongo umenyooka bila kukakamaa, kama mtu anayesikiliza habari anayoipenda.

Dakika 3. Najua utataka kuanza na 20, wanaume hasa. Waliofanya hivyo kwenye vikundi vyangu hawakufika wiki ya pili. Weka saa ya simu, kisha igeuze simu kifudifudi, na usiwe umefungua WhatsApp kwanza. Audio moja tu ya "wamesema leo kutakuwa na…" inatosha kumwamsha zamu kwa siku nzima.

Hatua ya kwanza: miguu, macho wazi

Vua kandambili ukiweza. Weka nyayo zote mbili chini. Sikia baridi ya sementi, au ukali wa jiwe la volkano kama uko uani. Bonyeza chini kidogo kwa kisigino, kisha kwa vidole. Sikia uzito wako ukishikwa na kiti. Macho yabaki wazi, yatulie mahali pamoja sakafuni hatua mbili mbele yako.

Habari ya macho nililipia ili niijue. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa: "Fungeni macho, vuteni pumzi." Kikundi cha watu 12, wengi wao walikuwa wamekimbia vijiji vyao. Haikupita dakika moja, dada mmoja akasimama anatetemeka, jasho linamtoka, akatoka nje. Giza la nyuma ya kope lilikuwa limemrudisha mahali alipotoka. Nilimfuata, tukakaa ukutani, nikamwomba aniambie rangi ya kila kitu anachokiona: ndoo ya bluu, kikwembe cha njano, bati lenye kutu. Alitulia kwa rangi, na mimi nilijifunza kwa aibu. Tangu siku hiyo kwangu macho yanabaki wazi, na pumzi inakuja ya tatu. Mtu ambaye macho yake yanapenda kujifunga yenyewe, sawa, ayafunge. Hakuna anayelazimishwa.

Hatua ya pili: masikio

Sasa tumia kelele uliyokuwa unailaani. Tafuta sauti moja ya mbali, labda boti ziwani au ndege inayopita. Tafuta moja ya karibu: mtu anafagia. Tafuta moja iliyo ndani yako, mate yakimezwa au tumbo likilalamika. Usiseme hii nzuri, hii mbaya. Ziache zije, ziende. Kwa wengi hatua hii ni nyepesi kuliko zote, na kuna motari mmoja aliyekomea hapa, hajawahi kuendelea na ya tatu, naye ananiambia inamtosha akiwa anangoja mteja. Simsumbui.

Hatua ya tatu: pumzi

Weka mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua, polepole, ukihesabu hadi 4, mkono usukumwe mbele na tumbo. Toa ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hiyo ni pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyekaa tu huvuta kati ya 12 na 20.

Kazi kubwa iko kwenye kutoa. Moyo haupigi kwa mwendo mmoja: unaharakisha kidogo unapovuta hewa na kupunguza kidogo unapoitoa. Kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi moyoni na tumboni, unaitwa vagus, na ndio unaopeleka amri ya kupunguza mwendo. Kwa hiyo kila unapotoa hewa polepole unamwambia zamu, kwa lugha anayoielewa: lango limefungwa, keti.

Watu hukosea hapa kwa namna ileile. Wanasikia "vuta pumzi" wanajaza kifua kama mtu anayetaka kupiga mbizi Ziwa Kivu, tena na tena. Baada ya muda mfupi kichwa kinazunguka, vidole vinawasha, wanasema zoezi linawaua. Haliwaui, wamevuta hewa nyingi kupita kiasi na kabonidioksidi imeshuka kwenye damu. Acha kuhesabu, pumua kawaida, itapita. Kisha jaribu tena kwa hewa kidogo zaidi.

Namna nzuri ya kutoa unaijua tayari kama umewahi kuwasha makala, yaani makaa ya jikoni, yaliyolowa. Ukipuliza kwa nguvu, majivu yanakurukia machoni. Unapuliza kwa mdomo mdogo, taratibu, kwa muda mrefu, hadi chembe iwe nyekundu. Toa hewa hivyo. Nilipoanza kueleza kwa makala badala ya hesabu, akina mama walielewa siku ileile, na wasiopenda namba waliacha namba.

Hatua ya nne: akili imetoroka

Itatoroka kwenye pumzi ya pili au ya tatu. Utajikuta sokoni Virunga unabishana bei, au unajibu maneno ya shemeji ya Krismasi iliyopita, safari hii kwa jibu zuri. Wengi wakifika hapa wanasema, "Mimi siwezi, kichwa changu hakitulii." Nawaambia wakae, ndiyo kwanza wamefika.

Fikiria umesimama Birere, mtaa wa biashara hapa mjini. Kila motari anapunguza mwendo, anapiga honi, anakuuliza kwa macho: tunaenda? Huwazuii kupita, hiyo ni barabara yao. Ila si lazima upande kila anayekupigia honi. Mawazo ni hivyohivyo. Lipe jina fupi: "deni." "Mtoto." "Hasira." Jina moja, bila hadithi, kisha rudi kwenye miguu, na kutoka miguuni kwenye pumzi. Utagundua mara nyingi kwamba umeshapanda na uko mtaa wa Ndosho tayari. Haidhuru, shuka. Usijitukane njiani, maana kujitukana nako ni motari mwingine.

Ukirudi mara 15 ndani ya dakika 3, umefanya zoezi mara 15. Kule kurudi ndiko kunakofanya kazi, kama vile mtoto anavyojifunza kutembea kwa kuinuka. Siku ambayo kichwa kimetulia chenyewe ni siku ya kupumzika tu, mimi huifurahia na siitegemei.

Hatua ya tano: chagua kitu kimoja cha kila siku

Baada ya wiki moja ya kukaa, ongeza jambo moja unalofanya kila siku hata usipotaka, ulifanye ukiwa na mwili wako wote hapo. Moja tu. Mimi nilichagua foleni ya maji. Bomba likiwa na bidoni 40, yaani madumu ya maji, mbele yangu, zamani nilikuwa nachemka: nani amepenya, nani amepanga mbili. Sasa ninapoisogeza bidoni yangu mbele nasikia nyayo mbili chini, natoa hewa mara moja kwa urefu. Bado nasema anayepenya arudi nyuma, tena kwa sauti. Ila sifiki nyumbani nikiwa na kichwa kinachouma.

Muuza sambaza mmoja alichagua mikono yake: kila anapopima kikombe anasikia baridi ya samaki, wepesi wao, magamba yanayobaki kwenye vidole. Mwalimu mmoja alichagua ile sekunde ya kushika mpini wa mlango wa darasa. Kutembea nako kunafaa sana hapa kwetu, kwa kuwa barabara za mawe ya volkano hazikuruhusu kuota: usiposikia mguu unapotua, utaanguka. Nenda nusu ya mwendo wako wa kawaida kutoka kona moja hadi nyingine, simu mfukoni.

Usiku

Lala chali. Anza na vidole vya miguu, panda polepole: shavu la mguu, goti, paja, tumbo, mabega, taya. Kila mahali uliza tu, pamekaza au pamelegea? Taya na mabega ndiyo hubeba mzigo, kaa hapo zaidi. Ukisinzia ukiwa gotini, usiku mwema.

Filimbi ikipigwa ghafla

Kuna nyakati moyo unaruka na hakuna nafasi ya kukaa. Nawa uso kwa maji baridi, uyashike kidogo kwenye mashavu na juu ya pua: mwili hupunguza mapigo ya moyo uso ukiguswa na maji baridi. Wenye ugonjwa wa moyo wasitumie maji baridi sana. Kisha taja vitu vitano unavyoviona, kwa sauti, na rangi zake.

Lakini kama filimbi ni ya kweli, kama kuna risasi au watu wanakimbia, hakuna cha pumzi hapo. Lala chini, ingia ndani, wachukue watoto. Nimewahi kusikia mtu akiwafundisha watu "kubaki watulivu" mahali ambapo walitakiwa kuondoka, na nilikasirika hadi leo. Vivyo hivyo kwa mambo mengine: zoezi hili halilipi kodi ya nyumba, wala halimfanyi mume anayepiga aache. Mwenye shida hiyo anahitaji watu wa kumsaidia.

Na kama picha za zamani zinakurudia mchana, kama huwezi kulala wiki kadhaa, kama pombe imekuwa dawa ya usingizi, au kama unafikiria kujiua, usibaki na ukurasa huu peke yako. Nenda kituo cha afya kilicho karibu leo, uliza APS au daktari, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani akusindikize.

Ukikosa siku

Utakosa. Usilimbikize deni la dakika. Ukikosa siku tano, siku ya sita ni dakika 3 zilezile, kuanzia miguuni. Baada ya mwezi mmoja unaweza kufika dakika 10. Wengine hubaki na 5 miaka yote, nami ni mmoja wao.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye pumzi ya nne jirani akagonga: "Mama, una makala kidogo?" Nilikuwa nayo kidogo kweli. Nikampimia kopo moja, tukaongea habari za umeme, akaenda. Saa ya simu ilikuwa imeshalia zamani. Nikaketi tena, nikavua kandambili.