Timu iko mabara matatu, sprinti ni moja: namna ya kuiendesha

Wale jamaa 17 waliokutana Utah mwaka 2001 wakaandika ilani ya ajaili (mtindo wa kutengeneza programu za kompyuta kidogo kidogo, na sprinti ni kipindi kimoja cha wiki chache cha kazi hiyo) walisema wazi kabisa, njia bora ya kupeana habari ndani ya timu ni kuongea ana kwa ana. Sawa, ila wewe una mmoja London, wawili Bangalore na mwingine Chicago, hiyo ana kwa ana utaitoa wapi? Wengi wetu tunabeba mikutano yote ya ofisini tunaimwaga kwenye Zoom, halafu baada ya mwezi tunashangaa kwa nini kuna mtu hafungui kamera na haongei. Nimeshafanya huo ujinga kwa hiyo simcheki mtu.

Kabla hujagusa hata tiketi moja (kazi iliyoandikwa kwenye orodha ya timu) piga hesabu ya masaa. Andika saa za kazi za kila mtu kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima. Tuseme ni Januari na kila mtu anafanya kazi 09:00 mpaka 17:00 ya kwake: Bangalore wako kazini 03:30 mpaka 11:30 UTC, London 09:00 mpaka 17:00, Chicago 15:00 mpaka 23:00. Unaona? London na Bangalore wanakutana masaa mawili na nusu, London na Chicago mawili, Bangalore na Chicago hata dakika moja hakuna. Yaani ukiitisha stendapu (kile kikao kifupi cha kila siku) ya wote kila siku lazima kuna mtu umemwibia usingizi, na mara nyingi ni yuleyule kila siku, tena ndiye aliye mbali na bosi.

Kingine, acha kuandika "tukutane saa tatu" kwenye chati ya timu, maana mmoja ataingia 09:00 na mwingine 15:00, andika UTC basi. Na Machi kuwa macho: Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili, Ulaya wanasubiri Jumapili ya mwisho, India hawasogezi kabisa, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu hivi ambapo kalenda yako inadanganya (Oktoba kuingia Novemba tena, ila hapo ni wiki moja tu).

Sasa stendapu. Kwenye skramu, moja ya njia za ajaili, ni dakika 15, na kazi yake ni madevelopa kupanga siku ili wafikie lengo la sprinti, siyo kumsomea meneja ripoti. Hiyo unaweza kuihamishia kwenye maandishi na ikafanya kazi vizuri kabisa, mradi maandishi yenyewe yawe na nyama. "Naendelea na malipo, kesho namalizia" haimsaidii mtu anayeamka masaa manane baadaye. Anayemsaidia ni yule anayeandika kabla hajafunga mashine: malipo ya kadi yanapita, ya kurudishiwa hela yanagoma kwenye testi moja, nadhani shida ni tarehe zinahifadhiwa bila ukanda wa saa, kodi iko kwenye tawi fulani, ukiweza anzia hapo, ila usiguse jedwali la wateja bado sijamaliza kulihamisha. (Kodi ya kompyuta hiyo, siyo ile ya serikali, na tawi ni nakala yake ya kufanyia kazi pembeni.) Mistari mitano tu, lakini mwenzako anaanza kazi palepale badala ya kukusubiri uamke. Mimi ningeambiwa nichague tabia moja tu ya kuifundisha timu ningechagua hii, mengine yote yatafuata.

Ukishahamisha ripoti kwenye maandishi, yale masaa machache ya kukutana yanabaki kwa vitu ambavyo maandishi yanavishindwa: kubishana, kukaa wawili kwenye bagi sugu (kosa la programu), kupanga sprinti, retro (kuangalia nyuma sprinti ilivyokwenda). Hata kupanga kwenyewe kugawe, tiketi zitoke siku mbili kabla, kila mtu asome aandike maswali chini yake, kwenye mkutano mnajadili yale yenye utata tu. Na wale wasiokutana kabisa, kama Bangalore na Chicago hapo juu, kikao cha wote kiwe mara moja kwa sprinti na usumbufu uzunguke, leo Bangalore wamekesha, sprinti ijayo zamu ya Chicago.

Mgawanyo wa kazi ndipo watu wanapojimaliza wenyewe. Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwamba mfumo unaishia kufanana na jinsi watu walioutengeneza wanavyowasiliana, na kwenye timu za mbali hilo utaliona mapema sana. Ukiwapa Bangalore skrini na Chicago databesi, kila kitufe kipya kitavuka bahari mara mbili ndipo kiishe, swali moja linakula siku nzima. Wape kila upande kipande kamili kuanzia skrini mpaka databesi, hata kama kuna mtu atalalamika siyo fani yake.

Kuhusu riviu, yaani kukagua kodi ya mwenzako: maombi ya kuunganisha kodi yawe madogo, na upande unaofuata kuamka uanze na riviu za wenzao kabla ya kazi zao. Testi zijiendeshe zenyewe, tawi kuu likivunjika aliyelivunja analirudisha nyuma kabla hajalala, maana ukiliacha hivyo umewafungia wenzako siku nzima. Kitu ambacho hakijaiva kiingie na swichi ya kukizima.

Maamuzi yaandikwe sehemu moja, hata yale mliyokubaliana wawili mkiwa mnatembea koridoni, hasa hayo.

Halafu prodakti ona, yule anayeamua kipi kitengenezwe kwanza. Akiwa amelala na swali limekuja nani anajibu? Teua mtu kila upande mwenye ruhusa ya kuamua mambo madogo mpaka kiwango mlichokubaliana, aandike ameamua nini na kwa nini. Prodakti ona akiamka akaona hakubaliani anafungua tiketi mpya inaingia bakilogi (orodha ya kazi zinazosubiri) kama nyingine, haamrishi kazi ifumuliwe wakati aliyeifanya naye ameshaenda kulala.