Bajeti ya shule ikikatwa Marekani: jinsi ya kutetea hoja yako mbele ya bodi

Wilaya nyingi za shule huanza mwaka wa fedha Julai 1, kwa hiyo ukijitokeza Juni umeshachelewa. Anza kuhudhuria vikao vya bodi ya shule, inayopitisha bajeti ya wilaya, tangu Februari au Machi. Omba rasimu ya bajeti, kisha utazame mishahara na marupurupu ya wafanyakazi: huko huishia takriban asilimia 80 ya bajeti. Ndiyo maana kubana karatasi na safari hakuzibi pengo kubwa. Wengi hukosea wakidai fedha za hatifungani za majengo (mikopo ambayo wilaya huchukua kwa ajili ya ujenzi) ziwalipe walimu. Kwa kawaida sheria hairuhusu.

Kikaoni, mara nyingi msemaji hupewa dakika 2 au 3 tu. Taja kifungu kimoja cha bajeti unachotetea, kiasi chake, na unachokubali kikatwe badala yake. Bila hilo la mwisho, bodi itakushukuru na kumwita anayefuata. Ukihitaji mkalimani, aombwe siku kadhaa kabla ya kikao.