Hali ya hatari kati ya uchaguzi na kiapo: jinsi ya kuikagua

Nchini Kenya, mwanya mkubwa uko kati ya siku ya kura na siku rais anapoapishwa. Katika kipindi hicho, Kifungu cha 134 cha Katiba kinamzuia aliye ofisini kuteua majaji, kufuta mawaziri au kusamehe wafungwa, ila hakigusi mamlaka ya kutangaza hali ya hatari. Tangazo likitolewa, basi, lipime kwa Kifungu cha 58, kinachoweka masharti ya hali ya hatari.

Kwanza tafuta waraka wenyewe. Kifungu cha 135 kinataka uamuzi wa rais uwe kwa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Soma umetolewa kwa sheria gani. Kafyu ya corona ya Machi 2020 ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma. Wanajeshi wa Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, waliletwa kupitia Kifungu cha 241, kinachohusu majeshi. Hapo ukomo wa siku wa Kifungu cha 58 hauhusiki, na kipimo ni Kifungu cha 24, kinachosema haki inaweza kubanwa kwa masharti gani. Ukikosea hili, kesi yako inaanza kwa kujikwaa.

Kama kweli ni Kifungu cha 58, hesabu siku. Tangazo lina siku 14, na halirudi nyuma kuhalalisha yaliyokwisha kutendeka. Bunge la Taifa pekee ndilo huongeza muda, kila mara usiozidi miezi miwili: mara ya kwanza kwa thuluthi mbili, yaani kura 233 kati ya wabunge 349, na zinazofuata kwa robo tatu, kura 262. Hesabu ni ya wabunge wote, si ya waliofika ukumbini.

Hapa ndipo mpito unapouma. Muhula wa Bunge la zamani huisha siku ya uchaguzi, na jipya linaweza kungoja hadi siku 30 kabla ya kikao cha kwanza. Lisipokaa kabla ya siku ya 14, tangazo linakufa lenyewe. Waziri hana uwezo wa kulifufua. Likitolewa jipya siku ya 15 kwa sababu zilezile, huko ni kulikwepa Bunge. Lipelekwe Mahakama ya Juu, ambayo Katiba imeipa kazi ya kuamua uhalali wake.

Sheria inayobana haki haifanyi kazi kabla ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, na ibane kwa kiasi kinacholazimu tu. Kifungu cha 25 kinalinda manne yasiyoguswa kamwe: kutoteswa, kutotumikishwa utumwani, kesi ya haki, na amri ya kumfikisha aliyeshikwa mbele ya mahakama (habeas corpus). Saa 24 za kufikishwa kortini hazimo humo, kwa hiyo sheria inaweza kuzirefusha. Ndugu yako akizuiliwa, ombeni amri hiyo ya nne.

Andika saa, kituo, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), namba ya gari na ya askari. Kifungu cha 58 hakiruhusu yeyote kukingwa dhidi ya kesi kwa kosa alilotenda wakati huo, na Kifungu cha 22 kinakuruhusu kufungua kesi ya kutetea haki zako bila ada, hata kwa barua ya kawaida.