Buti jepesi la kuwindia: namna ya kulipima na kulizoesha kabla hujaingia nalo Arabuko

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo nikisema nina mabuti ya kuwindia watu huniangalia jicho la pembeni. Mimi natembeza wageni hapa Malindi, na ninachowinda nakiwinda kwa darubini: bundi mdogo wa Sokoke, na yule sengi, mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mabuti haya yametengenezewa mtu anayemfuata mnyama siku nzima bila kumshtua. Ukiondoa bunduki, kazi yangu ni hiyo hiyo.

Kwetu hupatikana zaidi kwenye mitumba, au mgeni akuachie yake akiondoka. Kabla ya hatua yoyote, shika hili: kuzoesha si kutanua. Buti jepesi la kitambaa na ngozi laini halina haja ya kuteseka nalo mwezi mzima kama lile zito la askari. Likikubana vidole siku ya kwanza, litakubana hadi siku utakapolitupa. Kinachozoeka ni mkunjo wa mbele, ukingo wa shingoni na ngozi ya mguu wako. Urefu na upana ni vile ulivyovikuta.

Hatua ya 1: Bonyeza soli kabla hujauliza bei

Hii ndiyo iliyonigharimu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Jozi yangu ya kwanza niliikuta kwenye rundo la mitumba, safi, soli bado ina meno kama ya jana. Nikasema leo Mungu kanikumbuka. Siku ya tatu niko msituni na wageni wawili, nahisi mguu wa kulia umekuwa mfupi. Kutazama nyuma, soli nimeiacha njiani, imelala kwenye majani kama ulimi wa ng'ombe. Nikafunga kilichobaki kwa kamba ya begi, nikarudi nachechemea hadi upande wa Gede, na wageni wenyewe ndio wanaonipa pole.

Nikampelekea fundi viatu wangu. "Shikamoo mzee, hii gundi imeachia?"

"Marahaba. Gundi haina kosa, mwanangu. Tazama." Akabonyeza kwa dole gumba, ukamwagika unga wa manjano, kama mkate wa juzi. "Kimeoza ndani. Hata nikishona, nashona nini?"

Alikuwa sahihi. Katikati ya soli ya chini na ngozi ya juu kuna povu linalopokea kishindo. Mabuti mengi hutumia povu la poliyurethani, na hilo hunywa unyevu wa hewa taratibu hadi linavunjikavunjika, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Buti lililokaa kabatini miaka mingi huoza vivyo hivyo, na kwa joto na unyevu wa Pwani hufika mwisho haraka zaidi. Kwa hiyo upya wa macho usikudanganye. Bonyeza povu ubavuni kwa kucha. Likirudi juu, vizuri. Likibaki na shimo, likitoa unga, au ukiona nyufa ndogo kama za tope lililokauka, rudisha kwenye rundo. Povu la EVA, ambalo ni jepesi zaidi, haliozi hivyo, ila hulala bapa likichakaa. Utaliona lina makunyanzi ya kudumu chini ya kisigino.

Hatua ya 2: Nenda jioni, na soksi zako mfukoni

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na Malindi huvimba zaidi kwa joto. Buti lililokutosha saa mbili asubuhi litakubana saa kumi. Pima ukiwa umevaa soksi zile zile za kazini, na upime miguu yote miwili, kwa sababu mara nyingi mmoja umeuzidi mwenzake. Nunua kwa kufuata mkubwa.

Toa soli ya ndani, iweke chini, kanyaga juu yake. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Nyama ya pembeni ya mguu ikimwagika nje ya soli, buti ni jembamba, na hakuna dawa.

Hatua ya 3: Kisigino

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ya kiatu, kisigino. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili ili kikae nyuma kabisa, ndipo ufunge kamba kuanzia chini. Tembea. Kisigino kikipanda kidogo sana wakati buti bado ni gumu, sawa, kitatulia mkunjo ukishajitengeneza. Kikipanda na kushuka kama mchi kinuni, tayari una lengelenge.

Kabla hujakata tamaa jaribu fundo moja. Kamba zikifika pale mguu unapopinda kuelekea juu, zizungushe mara mbili badala ya moja, uvute, ndipo uendelee na shingo ya buti. Sehemu ya chini inabaki imekazwa vyake, ya juu vyake. Fundo hilo limeniokolea jozi mbili nilizokuwa nimeziuza moyoni.

Hatua ya 4: Kunja, songoa, pima, sikiliza

Kunja buti kwa mikono. Lipinde pale vidole vinapoanzia. Likipinda katikati ya unyayo, utachoka nyayo kabla ya saa sita. Lisongoe kama unayekamua nguo: likubali kidogo na ligome kidogo. Mpe muuza sukari akupimie kwa mizani yake. Nikiona jozi imezidi kilo 1.5, kwangu si nyepesi tena.

Kisha tembea ukisikiliza. Msituni sengi husikia jani likivunjika, sembuse buti linalolia kwi kwi kwi. Mlio mara nyingi hutoka chini ya soli ya ndani, na poda kidogo huumaliza. Ukitoka kwenye ulimi wa buti, paka nta. Ukitoka ndani ya soli yenyewe, liache.

Na utando wa kuzuia maji? Wauzaji huusifu sana. Mimi siutaki. Kwenye mdomo wa Mto Sabaki maji huingia kwa juu, na yakiingia hayatoki. Joto nalo hubaki humo humo. Kwa huku kwetu kitambaa chenye matundu kinachokauka upesi kinaushinda.

Hatua ya 5: Siku tatu ndani ya nyumba

Saa moja au mbili kila siku, kwenye sakafu safi, ili usipofurahi uweze kurudisha. Panda na kushuka ngazi kama unazo. Watoto watakucheka.

Hatua ya 6: Mchanga na mzigo

Sasa mjini, kwa shughuli za kawaida, kisha matembezi ya kilomita 5 ukiwa na begi la kazini lenye maji yote. Mzigo hupanua mguu, na buti lisilojaribiwa na mzigo halijajaribiwa. Pita kwenye mchanga mweupe kule msituni chini ya miti ya mirihi. Ukiingia mwingi, angusha suruali juu ya buti. Usiichomeke ndani, ila ukiona siafu.

Ukihisi mahali panapata moto, simama hapo hapo. Wageni watangoja. Vua, futa mchanga, kausha jasho, bandika plasta. Dakika tatu hizo ukizionea uchoyo, utazilipa kwa siku nne.

Hatua ya 7: Marafa

Mtihani wa mwisho naufanyia kwenye bonde la Marafa, asubuhi mapema kabla halijawa tanuri. Kaza kamba, shuka polepole. Mteremko husukuma mguu mbele, na vidole vikigusa ncha ya buti hata kwa fundo lile la kuzungusha mara mbili, basi buti ni fupi, na kucha zako zitakuwa nyeusi kabla ya mwezi kuisha. Hapo sina mjadala.

Likifaulu, lililobaki ni utunzaji. Ukitoka kwenye mikoko ya Mida lioshe kwa maji baridi, kwa sababu chumvi hukausha ngozi hadi ipasuke. Lijaze magazeti, ubadilishe yakilowa, liweke kivulini. Usilianike juani wala karibu na jiko, gundi huachia. Mafuta ya nazi waachie wenye nywele, kwani ngozi ikishiba hulegea na kupwaya.

Zile zilizonishinda Marafa humpa mdogo wangu, anayevaa namba 41. Ana jozi tatu sasa, na msituni haendi.