Jinsi ya Kumpendekezea Mtu Wasanii wa Roki Mbadala

Mtu anapoomba kutajiwa bendi nzuri za roki mbadala, mara nyingi hupewa majina ishirini kwa mkupuo, akasikiliza mawili, akachoka na kurudi kwenye nyimbo alizozizoea. Mwongozo huu unaeleza njia ninayoifuata mimi. Mfano wake ni mwenzangu wa kazini, aliyenijia akiwa na wimbo mmoja tu anaoupenda: "Zombie" wa The Cranberries, bendi ya mjini Limerick, Ayalandi.

Hatua ya 1: Omba wimbo mmoja

Usimwulize anapenda muziki wa aina gani. Mwombe wimbo mmoja asiouruka kamwe unapopigwa, kisha usikilizeni pamoja hadi mwisho.

Hatua ya 2: Tafuta kinachomvuta ndani ya wimbo huo

Kazi yenyewe iko hapa, na anayepita haraka hapa hupoteza saa nyingi baadaye. Jina "roki mbadala" halitakusaidia. Katika miaka ya 1980 lilihusu hasa bendi zilizorekodi na kampuni ndogo zinazojitegemea na kupigwa na redio za vyuo vya Marekani, kama R.E.M. wa Athens, Georgia. Lakini albamu ya Nevermind ya Nirvana ilitoka Septemba 1991, ikafika kileleni mwa chati ya albamu ya Marekani Januari 1992, na tangu hapo jina hilo limefunika muziki usiofanana hata kidogo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuupenda "Zombie" kwa sababu tofauti kabisa, na kila mmoja akahitaji wasanii wake.

Yupo anayevutwa na sauti ya Dolores O'Riordan, mwimbaji wa The Cranberries, jinsi inavyokatika kooni na kupanda ghafla. Yupo anayependa uzito wa magitaa, na namna ubeti unavyotulia kisha kiitikio kikalipuka. Huyo ni wa kupewa Pixies, bendi ya Boston, ambao Kurt Cobain wa Nirvana mwenyewe alikiri kuwa alijaribu kuwaiga alipotunga wimbo uliompa umaarufu. Yupo pia anayeguswa na maneno, kwa kuwa wimbo huo ulitungwa baada ya mabomu ya IRA, kundi la wapiganaji wa Ayalandi lililopinga utawala wa Uingereza, kuua watoto wawili mjini Warrington, Uingereza, mwaka 1993. Huyo wa tatu nitampa Let England Shake ya PJ Harvey, mwanamuziki wa kike wa Uingereza, albamu ya mwaka 2011 inayosimulia vita na askari waliokufa humo, wakiwamo wa Gallipoli, uwanja wa mapigano wa Vita vya Kwanza vya Dunia nchini Uturuki.

Ugumu ni kwamba mwombaji mwenyewe hajui yumo katika kundi gani, na hata akijibu kwa uhakika, jibu lake lisichukuliwe kabla ya kupimwa. Njia ninayoiamini ni kumpigia wimbo unaotofautiana na wake kwa jambo moja tu. Kwa "Zombie", kipimo cha kwanza ni "Linger" wa bendi hiyohiyo: sauti ni ileile, lakini magitaa mazito hayapo, na nafasi yake imeshikwa na gitaa laini pamoja na fidla. Kipimo cha pili ni "Tame" wa Pixies, wa mwaka 1989, ambao una utulivu na mlipuko uleule, ila sauti ni ya mwanamume anayepiga mayowe. Mwenzangu alisisitiza kuwa anapenda magitaa, lakini "Tame" aliuzima kabla haujaisha, ilhali "Linger" aliomba urudiwe. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimvuta.

Yapo mambo ya kuangalia katika upimaji huu. Anayedai kupenda maneno, mwulize ni mstari gani. Akikosa hata mmoja, rudi kwenye sauti au magitaa. Mwingine huupenda wimbo kwa sababu ya mahali alipousikia mara ya kwanza, labda bwenini au safarini, na hakuna bendi itakayoziba pengo la kumbukumbu hiyo. Mwombe wimbo mwingine. Usipime nyimbo nyingi kwa kikao kimoja, kwa sababu sikio lililochoka hukataa kila kitu. Wala usiiachie programu ya simu kazi hii. Programu hizo hutegemea sana yale ambayo wasikilizaji wengine wamesikiliza pamoja, kwa hiyo zitamletea mpenda sauti bendi zenye magitaa mazito, mradi tu zimependwa na watu walioupenda "Zombie".

Hatua ya 3: Toa wasanii watatu, wasizidi

Mmoja awe karibu na anachokipenda, wa pili awe mbali kidogo, wa tatu awe mbali zaidi, na wote washike kamba ileile. Mwenzangu nilimpa The Sundays na albamu yao ya mwaka 1990. Sinéad O'Connor na The Lion and the Cobra ya mwaka 1987. Na Cocteau Twins wa Uskoti na Heaven or Las Vegas ya mwaka 1990, ambamo maneno ya mwimbaji wao Elizabeth Fraser ni magumu kuyashika na sauti yake imegeuka ala kamili.

Ukikwama, tazama mtayarishaji, yaani anayesimamia urekodiaji wa albamu. Stephen Street alitayarisha albamu mbili za kwanza za The Cranberries, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na bendi ya The Smiths. Mimi huyaamini majina ya watayarishaji kuliko majina ya aina za muziki.

Hatua ya 4: Taja albamu ya kuanzia

Kumtaja msanii bila albamu ni kuacha kazi nusu. Anayeingia kwa bendi ya Radiohead aanze na The Bends ya mwaka 1995, kisha OK Computer ya mwaka 1997, na Kid A ya mwaka 2000 ifuate baadaye, maana humo magitaa yamewekwa kando kwa sehemu kubwa. Loveless ya bendi ya My Bloody Valentine, ya mwaka 1991, naipenda mno, lakini simpi mgeni kamwe: sauti za waimbaji zimezamishwa makusudi chini ya magitaa, naye atadhani rekodi ina kasoro.

Hatua ya 5: Asikilize kwa hedifoni

Spika ya simu humeza besi, na beti nyingi za Pixies zinasimama juu ya besi ya Kim Deal.

Hatua ya 6: Uliza ameurudia upi

Baada ya wiki moja, usimwulize kama amependa, kwa sababu atakubali kwa adabu. Mwulize ni wimbo upi ameurudia, kisha anza upya na huo. Mwenzangu aliurudia "Troy" wa O'Connor, unaoanza kwa sauti ya chini na kuishia kwa kilio kikubwa. Hapo nikaona kwamba mlipuko haukuwa tatizo lake, ila alitaka ubebwe na sauti ya mwanamke, nikampa Rid of Me ya PJ Harvey ya mwaka 1993, iliyorekodiwa na Steve Albini, mtu yuleyule aliyeirekodi Surfer Rosa ya Pixies.